SUMU YA SAHANINI: NANI ATAMPIMIA KABWELA NYANYA YAKE?



Liko swali linaloulizwa sana huko Ulaya na Marekani. Bibi wa nyumbani asimama dukani mbele ya mafungu mawili ya matunda. Fungu moja limelimwa kwa dawa za wadudu, la pili limelimwa bila dawa hizo, na bei ya hili la pili ni kubwa zaidi. Ajiuliza: lini nilipe zaidi, na lini nisipoteze fedha yangu bure? Bibi huyo hakuachwa peke yake. Serikali yake hupima vyakula kila mwaka na kutangaza matokeo hadharani, na kutokana na vipimo hivyo huandikiwa orodha: hili hukutwa na mabaki mengi ya dawa, lile halina neno.

Sasa tuje Mtwara. Mama wa Magomeni au wa Ufukoni ashika kikapu chake asubuhi kwenda sokoni. Mbele yake pana fungu la nyanya, fungu la mchicha na kabichi. Shilingi alizofunga kwenye ncha ya khanga zahesabika. Je, yeye ana orodha gani? Nani amempimia?

Wako watu, hata miongoni mwetu, watakaocheka wakisema: "Hayo ni maswali ya Wazungu walioshiba. Kabwela ashukuru akipata mboga." Twasema hapana! Hata kidogo! Tumbo la kabwela si pipa la takataka. Anayesema kwamba maskini hana haja ya kujua alichokula, huyo asema kwa maneno mengine kwamba maskini si mtu kamili. Maneno kama hayo tuliyasikia zamani kwa mkoloni. Hatutayapokea leo kutoka kwa mwenzetu.

MIZANI MBILI

Tuanze na jambo ambalo kila mtu wa kusini alijua, yaani korosho. Korosho yetu huondoka kwa magunia, sehemu kubwa ikiwa ghafi, ikaenda India na Vietnam kubanguliwa, kisha ikaingia maduka ya Ulaya na Marekani. Huko mlangoni pana mizani. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2005 yasema kwamba dawa ambayo haikuwekewa kiwango chake maalum isizidi miligramu 0.01 katika kilo moja ya chakula. Maana yake ni gramu moja ya sumu katika tani mia moja! Mzigo ukizidi kipimo, huzuiwa.

Vema. Hatuwalaumu kwa kulinda matumbo ya watu wao. Sisi twauliza habari za matumbo yetu. Punje ya korosho imelala ndani ya ganda gumu, wala vumbi la dawa haliifikii kwa urahisi. Lakini bibo je? Bibo laning'inia nje, halina ganda, na ngozi yake ni nyororo kama shavu la mtoto. Nani hula bibo? Siye mnunuzi wa ng'ambo. Hula watoto wetu chini ya mkorosho, na wazee hulikamua wakapata uraka. Basi tazameni ajabu hii: kilichofichwa ndani ya ganda chapimwa kwa ajili ya mgeni, na kilicho wazi chaliwa na mwenyeji bila kipimo.

Mambo haya si mageni katika mkoa wetu. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea zilibuniwa kwa ajili ya Mpango wa Karanga wa mwaka 1947, ili Mwingereza apate mafuta ya kula. Mpango ulikufa mwaka 1951. Katika hesabu zote zile za matrekta na mabehewa, sahani ya mtu wa Mikindani haikuwa na safu yake. Bendera ya mkoloni ilishuka mwaka 1961. Mizani mbili hazikushuka pamoja nayo.

Hatusemi kwamba nchi haina sheria. Sheria ipo. Kazi ya kuangalia usalama wa chakula iko mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo makao yake ni Arusha. Swali letu ni jepesi: kipimo hicho hufika soko la Mtwara mara ngapi kwa mwaka, na matokeo yake husomwa wapi na mama mwenye kikapu? Sheria inayokaa Arusha na Dar es Salaam bila kuteremka mpaka mezani kwa muuza nyanya ni kama taa iliyowashwa sandukuni.

SUMU ILIYOVAA KANZU YA MSAADA

Yafaa wanachama wajue sumu hizi hutoka wapi. Mwaka 1986 ilifika nchini shehena ya dawa za wadudu, msaada kutoka Ugiriki, ikapelekwa shamba la Vikuge karibu na Kibaha. Ndani yake mlikuwa na DDT na HCH. Ikawekwa bandani, banda likaanguka, na sumu ikazama ardhini. Miaka mingi baadaye watafiti walichukua udongo wa mahali pale na kuikuta ingali imo. Msaada wa chakula huisha siku unapoliwa. Msaada wa sumu hauishi hata aliyeupokea akiisha kustaafu.

Tena iko biashara iliyo mbaya kuliko msaada. Dawa ya majani iitwayo parakwati iliondolewa katika mashamba ya Umoja wa Ulaya mwaka 2007 kwa hukumu ya mahakama. Lakini kwa miaka mingi baada ya hapo iliendelea kuundwa katika kiwanda kilichoko Uingereza na kupakiwa melini kwenda nchi nyingine. Haifai kwa bustani ya kwao, yafaa kwa bustani za watu! Je, mapafu ya mkulima wa kwetu yameumbwa kwa bati?

Dunia yenyewe imekuwa ikikiri makosa yake, lakini hukiri polepole. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliifunga DDT, ikabakizwa kwa kazi ya kupambana na mbu wa malaria. Mwaka 2011 ikafungwa endosulfani. Mwaka 2025 ikaongezwa klopirifosi, dawa ambayo Ulaya iliikataa mwaka 2020 kwa sababu ya hofu ya madhara yake katika ubongo wa mtoto anayekua. Hesabuni wenyewe: ni miaka mingapi hupita tangu sumu inapoanza kuuzwa mpaka inapokatazwa? Katika miaka hiyo yote, muuzaji hutuambia kwamba ni salama.

SALFA SI ADUI WA KWANZA

Hapa lazima tuseme ukweli, maana uongo haujengi chama. Wako wanaopita vijiweni wakisema kwamba salfa ndiyo iliyotuua sisi watu wa kusini. Hawasemi sawa.

Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna kiasi cha tani 145,000 za korosho. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: bei mbaya, watu kuhamishwa mbali na mikorosho yao, na juu ya hayo ugonjwa wa ubwiri unga, uliotambuliwa nchini mwaka 1979. Watafiti wa Naliendele, hapo hapo nje ya mji wetu, ndio walioonyesha kwamba unga wa salfa waweza kuukinga mkorosho. Nyumba nyingi za bati mnazoziona Newala, Tandahimba na Masasi zilitokana na mikorosho iliyopona. Salfa ni madini; hata kanuni za kilimo hai huiruhusu.

Lakini kitu kinachoruhusiwa kina madhara yake. Vumbi la salfa lachoma macho na kubana kifua cha kijana abebaye mashine bila miwani wala kitambaa. Utafiti wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba salfa ikipulizwa mwaka baada ya mwaka huutia ukali udongo wetu wa kichanga. Basi twasema: itumike kwa kiasi, na kijana alindwe.

Adui mkubwa ni mwingine. Ni zile dawa kali za maji, zilizoletwa kwa ajili ya mbu wa korosho au wadudu wa pamba, ambazo huhama kutoka mkoroshoni zikaingia bustani ya mchicha. Dawa iliyokusudiwa mti ambao punje yake ina ganda, yamwagwa juu ya jani litakaloliwa keshokutwa!

TULIYOYAONA BONDENI

Katika ziara ya matawi tulifika bustani moja katika bonde la mto Ruvuma, wakati wa kiangazi. Tulimkuta kijana anapuliza nyanya kwa bomba la mgongoni. Miguu mitupu, kifua wazi, upepo wamrudishia mvuke usoni. Tulimwuliza: "Ndugu, nyanya hizi utazivuna lini?" Akajibu: "Kesho alfajiri, gulio ni kesho." Tukauliza dawa yenyewe ni ipi. Akatuonyesha chupa ya soda. Haina karatasi, haina jina, haina alama. Muuzaji alimpimia kwa kizibo na kumwambia: "Hii ni kiboko."

Tulitaka kumgombeza. Lakini yeye alituuliza maswali matatu, nasi tukanyamaza. "Bwana shamba nitampata wapi? Kantangaze akiingia, nani atanilipia deni la mbegu? Na nikingoja wiki mbili nyanya zikiwa zimeiva, nani atazinunua zimeoza?"

Kantangaze, kwa wasiomjua, ni mdudu wa nyanya aliyetoka Amerika ya Kusini na kuingia nchini mwaka 2014. Hutoboa jani na tunda, na shamba lote likaonekana kama limepitiwa na moto. Mkulima akitishika huongeza dawa, mdudu akizoea, mkulima huchanganya. Utafiti uliofanywa kwa wakulima wa mboga wa kaskazini na kutangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba karibu theluthi yao walikuwa wakichanganya dawa mbalimbali katika bomba moja. Hakuna aliyewafundisha mchanganyiko huo. Waliusukuma kwa hofu.

Kwa hiyo hatumwiti kijana yule mwuaji. Yeye ndiye wa kwanza kuinywa sumu hiyo, kwa ngozi na kwa pumzi, kabla haijafika sahanini mwetu. Mkulima na mlaji ni ndugu wawili waliotiwa katika shimo moja. Anayefaidika yuko juu ya shimo na kizibo chake mkononi.

Tena tazameni lugha yetu inavyotudanganya. Kitu hiki twakiita "dawa". Mtu akisikia dawa hufikiri kupona. Na dawa ikizidi, hufikiri atapona zaidi! Tangu leo katika matawi yetu tukiite kwa jina lake: ni sumu ya wadudu. Mtu hapimi sumu kwa kizibo cha soda.

LINI TULIPE ZAIDI, LINI TUSISUMBUKE

Sasa turudi kwa mama mwenye kikapu. Mpaka hapo mizani itakapofika sokoni, na ashike haya.

Kwanza, kitu chenye ganda au ngozi nene inayotupwa hakina haja ya bei ya ziada. Nazi, nanasi, ndizi, papai, chungwa na embe lililomenywa: nunua kwa amani. Muhogo na viazi vitamu navyo ni hivyo hivyo. Wachache sana huvipulizia.

Pili, kama unazo shilingi za ziada, ziweke kwenye majani laini na matunda yanayoliwa pamoja na ngozi yake: mchicha, figili, chainizi, kabichi, nyanya, pilipili hoho, bamia na matango. Hayo ndiyo ya kutafuta kwa mkulima unayemjua, asiyepuliza au anayengoja siku zake. Muulize bila haya: "Ulipuliza lini?" Muuzaji mwaminifu atajibu, asiyejibu, mpite.

Tatu, chakula safi kikiwa kidogo, apewe kwanza mjamzito na mtoto mdogo. Mwili unaojengwa huumizwa upesi kuliko mwili uliokwisha jengwa.

Nne, osha kwa maji yanayotiririka huku ukisugua kwa mkono, na majani ya nje ya kabichi yatupe. Usioshe mboga kwa sabuni ya unga. Hiyo ni kuongeza sumu juu ya sumu. Lakini ujue kwamba zipo dawa zinazonywewa na mmea zikaingia ndani ya nyama yake. Hizo haziondoki kwa maji. Dawa yake ni siku za kungoja tu.

Tano, mboga safi mara nyingi haina nembo wala bei ya juu. Iko uani: kisamvu, matembele, mlenda, majani ya maboga. Tahadhari ni moja: wakati wa kupuliza mikorosho usichume kisamvu wala majani ya kunde yaliyo chini ya mikorosho hiyo.

Sita, na hili ni kubwa: asiache mtu kula mboga kwa hofu. Mtoto asiyepata mboga na matunda hudhoofika kwa hakika. Anayewatisha watu mpaka wakabaki na ugali mtupu hawasaidii.

Na anayekuuzia kwa kukuambia "hii ni asili tupu", muombe ushahidi. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kiwango kimoja cha kilimo hai mwaka 2007, chenye nembo ya Kilimohai, na jumuiya ya kilimo hai ya nchini, TOAM, ipo tangu mwaka 2005. Ziko njia za wakulima wadogo kukaguana wao kwa wao kwa kikundi, bila gharama ya mkaguzi kutoka ng'ambo. Neno "asili" lisilo na mkaguzi ni kama chupa isiyo na jina.

WANAOTUPINGA

Watasema: "Sumu kidogo haiui." Ni kweli kwamba kidogo hakimwangushi mtu siku hiyo hiyo. Ndiyo maana duniani vikawekwa viwango, na Shirika la Chakula na lile la Afya yana tume ya kazi hiyo tangu mwaka 1963. Lakini nani amepima kwamba hicho ni kidogo? Asiyepima hana haki ya kusema "kidogo".

Watasema tena: "Bila dawa tutakufa njaa." Hatukusema mabomba yote yavunjwe. Lakini Naliendele imetoa aina za mikorosho zinazostahimili maradhi kuliko zile za babu zetu. Kupogoa matawi na kuondoa machipukizi yasiyo ya msimu hupunguza ubwiri unga kabla hata salfa haijafunguliwa. Na yule chungu mwekundu tunayemwita maji moto, ashonaye majani akajenga nyumba juu ya mti, ni askari asiyedai mshahara: humwinda mbu wa korosho na mbu wa minazi. Sisi twamwua kwa dawa kali, kisha twanunua dawa nyingine kufanya kazi aliyokuwa akiifanya bure! Hiyo ndiyo maendeleo?

TUNAYOYADAI

Hatuandiki ili tulalamike. Twadai mambo haya:

1. Nyanya na mboga za masoko ya Mtwara, Mikindani na vijiji vya mpaka wa Ruvuma zipimwe kila msimu, na matokeo yabandikwe sokoni kwa Kiswahili chepesi.

2. Hakuna sumu kuuzwa kwa kizibo wala katika chupa ya soda. Kila chombo kiwe na maelezo ya Kiswahili, rangi ya kuonyesha ukali wake, na siku za kungoja kabla ya kuvuna. Anayevunja, duka lifungwe.

3. Mabwana shamba wapelekwe mabondeni wakati wa kiangazi, wakati mboga zinapolimwa, wasingojee msimu wa korosho peke yake.

4. Sumu iliyokataliwa na nchi inayoiunda isipokewe bandarini mwetu, iwe kwa biashara au kwa msaada.

5. Chupa tupu zikusanywe. Hatutaki kuona tena mafuta ya taa, au maji ya kunywa, ndani ya kopo lililokuwa na sumu.

Nasi wanachama tusikae tukingoja. Kila tawi lenye kiwanja lilime tuta la mboga. Kila tawi la mjini lifanye mapatano na kikundi kimoja cha wakulima wa bonde: ninyi ngojeni siku zinazotakiwa, sisi tutanunua mzigo wote kwa bei tuliyopatana, hata gulio likipita. Kijana yule wa Ruvuma alituuliza nani atazinunua. Jibu lake si hotuba. Jibu lake ni vikapu vyetu.

Wazee walituonya kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Leo kimetoka nguoni kikahamia sahanini. Tusiposimama sasa, tutawarithisha watoto wetu nchi iliyo huru na damu isiyo huru.

Mizani iwe moja: kwa mgeni wa ng'ambo na kwa mama wa Magomeni. Mpaka siku hiyo, tutauliza kila gulio: "Ulipuliza lini?"